Kiasi cha Risasi: Uzito, Kalibu na Bunduki katika Nchi ya Busia na Tororo

Vitabu vya historia tulivyosoma shuleni hupenda kuhesabu bunduki. Kiongozi huyu alikuwa na nyingi, yule chache, basi mwenye nyingi akashinda. Katika insha hii nataka kuuliza swali jingine: bunduki hizo zililishwa nini, na je, risasi ya leo ilikuwa na uzito sawa na ya jana? Nadhani swali hili linaieleza nchi ya Busia na Tororo ya mwisho wa karne ya 19 vizuri zaidi kuliko idadi ya mitutu.

Lugha yenyewe imehifadhi mengi. Risasi kwetu ni madini, na pia ni kile kinachotoka mtutuni. Kiasi, neno tunalolitumia leo kwa kipimo chochote, katika kamusi za zamani lina maana ya ziada: fungu la baruti na risasi linalotosha mpigo mmoja. Halafu kuna kalibu, chombo cha kumiminia madini yaliyoyeyuka. Asili yake ni Kiarabu, na wataalamu wengi wa lugha husema kwamba neno ambalo Wazungu hutumia kutaja upana wa mtutu lina asili hiyo hiyo. Mwingereza akijigamba kwa kaliba ya bunduki yake, anataja kalibu yetu bila kujua.

Gobori lilijazwa kwa mdomo wa mtutu: kwanza baruti, kisha kitambaa, kisha risasi ya mviringo. Mwenye gobori ndiye aliyekuwa kiwanda. Aliyeyusha risasi kwenye makaa, kwani madini hayo huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu, akaimimina katika kalibu. Hapo ndipo kazi inapoharibika. Kalibu ikiwa baridi, risasi hutoka na makunyanzi. Kiputo cha hewa kikibaki ndani, upande mmoja unakuwa mwepesi na risasi hupinda njiani. Na mtutu wenyewe ulipimwa kwa uzito: bunduki ya kumi na sita ni ile ambayo risasi zake 16 hufanya ratili moja. Kila risasi basi ina gramu 28 na kitu, na upana wa milimita 16.8. Punguza nusu milimita tu katika kalibu, nawe umepoteza karibu gramu 2 na nusu.

Nilipopiga hesabu hizi niliona jambo lililonifurahisha. Wakia ya pwani, ambayo ni sehemu ya 16 ya ratili, ilikuwa uzito wa riali moja ya Maria Theresa, yaani gramu 28. Mfanyabiashara wa msafara mwenye mizani ya vitanga viwili angeweza kuweka riali upande mmoja na risasi upande wa pili, akajua papo hapo kama kalibu yake inamdanganya.

Misafara hiyo ndiyo iliyoleta magobori huku. Njia ilifika Mumias, ikaendelea kwenda Busoga kupitia nchi ambayo leo imekatwa na mpaka. Joseph Thomson alifika Mumias mwaka 1883, Askofu Hannington akapita 1885. Baada yao, mwaka 1890, akapita Kapteni Lugard akielekea Kampala, akiwa na bunduki ya Maxim. Kwangu mimi huyu ndiye wa kutazamwa. Maxim hutumia nguvu ya mpigo mmoja kujipakia mpigo unaofuata. Ukiilisha risasi zenye viasi tofauti, hukwama. Silaha hiyo haikuweza kuwepo kabla ya kiwanda kinachotoa risasi elfu kumi zinazofanana.

Mwaka huo huo wa 1890, tarehe 2 Julai, mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Tunaufundishwa kama mkataba wa kukomesha utumwa, na ndivyo ulivyokuwa. Lakini ulizuia pia bunduki za kisasa na risasi zake kuingia katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mwanya kwa magobori ya gumegume yasiyo na mifuo na kwa baruti ya kawaida. Kwa maneno mengine, Mwafrika aliachiwa kiasi cha mkono, na risasi zilizopimwa kiwandani zikabaki kwa serikali.

Matokeo yalionekana mwaka 1895 huko Lumboka na Chetambe, upande wa Webuye. Wabukusu walikuwa wamepata bunduki, na Waingereza walizitaka. Hobley alikwenda na askari wa Kisudani na washirika wengine, ngome zikaanguka. Hata yule Mbukusu aliyekuwa na bunduki nzuri hakuwa na kiwanda nyuma yake. Ganda likishatumika, nani angemletea jingine? Mambo ya Kakungulu huko Bukedi, kuanzia 1899, nayaona kwa jicho hilo hilo. Mwaka 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ukahamishiwa upande wa Kenya, na mpaka ukaja baadaye kuwagawa Wasamia na Wateso.

Wapo watakaosema gramu chache hazibadilishi historia. Nawaomba watazame mashindano ya bastola ya siku hizi. Baadhi ya walenga shabaha hujipakia risasi wenyewe, na huzipima kwa punje, kipimo cha kale cha punje ya shayiri: punje 7,000 katika ratili. Katika mashindano ya IPSC uzito wa risasi kwa punje huzidishwa kwa mwendo wake kwa futi kila sekunde, kisha hugawanywa kwa 1,000, na jibu lisipungue 125. Risasi ya punje 124 inayokwenda futi 1,010 hupata 125.2. Ya punje 122 kwa mwendo huo hupata 123.2, na mpigaji hapewi alama hata moja. Punje mbili ni gramu 0.13.

Hakuna aliyempima hivyo mtu wa gobori, na sidhani ilifaa apimwe hivyo. Lakini risasi ya kumimina haiozi upesi. Zikipatikana za aina hiyo katika nyumba za wazee wa Samia au Tororo, mizani ndogo ya sonara itatosha kuanza utafiti.