Nyama Ilisafiri Kwanza: Historia ya Kuchagua Pa Kula Marekani

Novemba 2024, Michelin ilitoa kwa mara ya kwanza mwongozo wake wa migahawa ya jimbo la Texas, na wachoma nyama wanne wakaondoka na nyota moja moja: CorkScrew, InterStellar, la Barbecue na LeRoy and Lewis. Katika sehemu hizo unapanga foleni mbele ya kaunta, unatazama kisu kikipita kwenye nyama, unapokea sinia lililotandikwa karatasi na kwenda kujitafutia pa kukaa. Michelin ni kampuni ya matairi ya Ufaransa. Ilianza kuchapa kitabu chake mwaka 1900 ili wenye magari watembee zaidi na matairi yaishe upesi, na nyota zenyewe zikaja 1926. Kabla haijafika Texas, Wamarekani walikuwa wameshabishana kwa vizazi kadhaa juu ya swali ambalo kila abiria mwenye njaa hujiuliza: nishukie wapi?

Swali hilo ni gumu zaidi kule kuliko kwetu, na sababu iko jikoni. Msafiri anayeshuka Namanga au Kikopey akitamani nyama choma huanzia buchani. Anaona paja linaning'inia, analisonta, linapimwa mbele ya macho yake na kupelekwa kwenye makaa. Akitapeliwa, katapeliwa akitazama. Nyama ya Texas haikai juu ya makaa. Inawekwa kando ya moto, ndani ya jiko refu la matofali au chuma, na kinachoiivisha ni joto na moshi wa kuni za mwaloni unaopita juu yake taratibu. Kidari kizima cha ng'ombe huchukua saa 12, wakati mwingine zaidi. Aliyekiweka motoni alikiweka jana usiku, wewe ukiwa bado umelala kwenye mji mwingine. Huwezi kuagiza uchomewe, na kilichopo kikiisha kimeisha, hata iwe saa tano asubuhi. Kwa hiyo kwetu msafiri huchagua nyama. Kule humchagua mchomaji, mtu asiyemjua, na hapo ndipo inapobidi aegemee neno la mtu mwingine.

Mwanzoni neno hilo lilikuwa harufu tu. Mwaka 1907 alifika Kansas City, jimbo la Missouri, mtu mweusi kutoka upande wa Memphis aliyeitwa Henry Perry. Mwaka uliofuata alikuwa anauza nyama ya moshi kwenye kichochoro cha mtaa wa viwanda vya nguo, ameifunga kwenye gazeti, mbavu kwa senti 25. Hakuwa na kibao cha kutangaza wala hakukihitaji. Alipofariki mwaka 1940 biashara ilishikwa na Charlie Bryant aliyewahi kumfanyia kazi, kisha ikaenda kwa Arthur, ndugu yake Charlie. Mwaka 1972 mwandishi Calvin Trillin, mzaliwa wa Kansas City, aliandika kwenye jarida la Playboy kwamba mgahawa bora kuliko yote duniani ni wa Arthur Bryant. Alikuwa anatania nusu. Wasomaji hawakulichukulia kama utani, na mgahawa huo ukaanza kutembelewa na watu waliotoka mbali kuja kuhakikisha.

Huko katikati mwa Texas mambo yalianzia buchani. Wahamiaji wa Kijerumani na Kicheki walikuwa wachinjaji, na kabla ya majokofu nyama isiyouzwa ilikuwa hasara. Vipande vigumu vilipelekwa kwenye moshi, makombo yakawa soseji. Vibarua wa mashamba ya pamba, wengi wao Wamexico na watu weusi, wakanunua nyama hiyo ikiwa tayari na kuila pale pale kwenye karatasi ya kufungia, pamoja na biskuti za chumvi, kitunguu na matango ya siki kutoka rafu za dukani. Sahani hazikuwepo kwa sababu pale palikuwa dukani. Leo watalii wanaipiga picha ile karatasi wakidhani ni mapambo.

Gari lilipoenea, orodha za kuchapwa zikafuata. Duncan Hines alikuwa mtu wa Chicago anayeuza kazi za uchapaji, na kazi yake ilimpitisha majimbo mengi akila barabarani. Krismasi ya 1935, badala ya kadi ya kawaida, alituma kwa marafiki orodha ya sehemu 167 za kula katika majimbo 30. Wasiomjua wakaanza kuiomba, na 1936 akaigeuza kitabu. Hakukubali matangazo ya wenye migahawa, na hapo ndipo ulipokuwa utajiri wake: watu walimwamini. Baadaye jina lake likauzwa likabandikwa kwenye paketi za unga wa keki, na Wamarekani wengi wa leo hawajui kama aliwahi kuwa binadamu.

Mwaka huo huo wa 1936 kilitoka kitabu kingine cha safari, na swali lake lilitangulia la Hines. Victor Hugo Green alikuwa mbeba barua mweusi aliyeishi Harlem. Kitabu chake, kilichozoeleka kwa jina la Green Book, kilitaja hoteli, migahawa, nyumba za watu, saluni na gereji ambako msafiri mweusi angepokewa bila kufukuzwa. Vituo vya mafuta vya Esso vilisaidia kukisambaza. Kwa familia nyeusi iliyokuwa inaendesha gari kuelekea kusini, ladha ya mbavu ilikuwa suala la baadaye. Kwanza ilibidi ijue mlango upi utafunguliwa, na wengi walifunga chakula nyumbani wasije wakalazimika kuuliza. Kejeli ni kwamba katika sehemu nyingi za Kusini aliyesimama nyuma ya moshi alikuwa mweusi. Angeweza kuchoma usiku kucha nyama ambayo ndugu yake asingeruhusiwa kuila akiwa amekaa.

Ugomvi huo ulifikishwa Mahakama Kuu ya Marekani na mgahawa wa nyama ya kuchoma. Ollie's Barbecue ya Birmingham, Alabama, ilikuwapo tangu 1927, mali ya familia ya McClung, na ilikuwa na nafasi ya watu 220. Kati ya wafanyakazi 36, theluthi mbili walikuwa weusi. Mteja mweusi aliuziwa chakula cha kuondoka nacho, lakini kukaa mezani hapana. Sheria ya Haki za Kiraia ilipopitishwa Julai 1964 ikikataza ubaguzi huo, wenye mgahawa walikwenda mahakamani. Hoja yao ilikuwa ya kisheria na si ya kipuuzi: mamlaka ya serikali kuu yanahusu biashara inayovuka mipaka ya majimbo, na wao wanalisha watu wa pale pale, hawana habari na wasafiri.

Mahakama haikwenda kuhesabu wasafiri. Ilitazama stakabadhi za bucha. Katika miezi 12 iliyotangulia Ollie's ilinunua vyakula vya dola 150,000 hivi, na kati ya hizo dola 69,683, yaani asilimia 46, zilikuwa za nyama iliyonunuliwa kwa muuzaji wa mjini ambaye yeye mwenyewe aliitoa nje ya Alabama. Mteja huenda hakuvuka mpaka, lakini ng'ombe alivuka. Tarehe 14 Desemba 1964 majaji wote tisa waliamua kwamba sheria inamhusu Ollie's kama inavyowahusu wengine. Nimesoma historia nyingi za mapishi zinazoruka kesi hii kana kwamba ni mambo ya wanasheria peke yao. Kwangu hakuna ukurasa mkubwa zaidi katika historia ya kula safarini Marekani, maana tangu siku hiyo orodha ya mzungu na orodha ya mweusi zilianza, angalau kisheria, kuwa orodha moja. Toleo la mwisho la Green Book ni la 1966-67.

Turudi Texas, ambako orodha mpya ilikuwa inapikwa. Jarida la Texas Monthly lilianza 1973, na mwaka huo huo Griffin Smith Jr. aliandika makala akijiuliza kama nyama bora iko mji wa Taylor au Lockhart. Swali hilo lilikuja kuwa kazi ya kudumu. Mwaka 1997 jarida lilitoa orodha ya sehemu 50 bora, kisha likairudia 2003, 2008 na kuendelea, waandishi wake wakizunguka jimbo lenye ukubwa wa karibu robo tatu ya Tanzania. Mwaka 2013 lilimwajiri Daniel Vaughn, aliyekuwa msanifu wa majengo, awe mhariri wa nyama ya kuchoma na asifanye kingine. Cheo hicho huchekesha mpaka umwone mhariri wa michezo kwenye gazeti lolote la kwetu na ukumbuke kwamba naye analipwa kutazama watu wakicheza.

Lockhart iko kilomita 50 hivi kusini mwa Austin, na ni huko neno la orodha lilipokutana na ugomvi wa ukoo. Charles Kreuz alifungua bucha lake mwaka 1900. Mwaka 1948 lilinunuliwa na Edgar Schmidt, maarufu kwa jina la Smitty, aliyekuwa amefanya kazi humo miaka mingi. Alipofariki mwaka 1990 biashara ilikuwa mikononi mwa watoto wake wa kiume, lakini jengo alimwachia binti yake, Nina. Ndugu wakashindwana kwenye kodi ya pango. Mwaka 1999 Rick Schmidt alijenga mgahawa mpya mkubwa kaskazini kidogo ya pale, na siku ya kuhama makaa ya moto yalitolewa kwenye jiko la zamani, yakatiwa kwenye karai la chuma na kuburutwa barabarani hadi kwenye majiko mapya, moto usikatike. Nina alifungua Smitty's Market ndani ya jengo lililobaki.

Sasa mwambie mgeni achague. Jina la 1900 liko kwenye jengo la 1999, na jiko la zamani liko chini ya jina jipya. Mimi ningeanza Smitty's kwa sababu ya ule mlango wa nyuma: unaingia moja kwa moja jikoni, kuta nyeusi kwa masizi, na moto unawaka wazi sakafuni kwenye ncha ya jiko, karibu na miguu ya wanaopanga foleni. Hakuna uzio. Suruali yako inapata joto kabla hujafika kwenye mizani. Kreuz kwa upande wake ilijulikana kwa kutotoa uma wala mchuzi, na zamani, katika jengo lile la awali, visu vilifungwa kwa minyororo kwenye meza.

Mwaka 2008 orodha ilifanya jambo ambalo bado linasimuliwa. Nambari moja haikwenda Lockhart wala Taylor bali Snow's, Lexington, mji mdogo ambao wengi hawakuwahi kuusikia, kwenye mgahawa uliofunguliwa 2003. Mchomaji alikuwa mama wa miaka 73, Tootsie Tomanetz, aliyeanza kushika koleo la makaa mwaka 1966 na ambaye siku za wiki alikuwa na kazi nyingine shuleni. Snow's hufungua Jumamosi tu, saa mbili asubuhi, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku ya mnada wa ng'ombe mjini hapo na wafugaji walitaka kula mapema. Baada ya orodha kutoka, watu walianza kupanga foleni gizani. Trillin naye alikwenda, akaandika kwenye The New Yorker mwaka huo huo. Mfugaji aliyekuwa anapita kununua kidari akielekea mnadani sasa yuko nyuma ya wageni waliolala kwenye magari.

Kwa msomaji mwenye ndugu Houston au Austin na siku moja ya kuzurura: kama si Jumamosi, nenda Lockhart, maana Kreuz, Smitty's na Black's, iliyofunguliwa 1932, ziko karibu karibu. Usile ukashiba sehemu ya kwanza. Nyama inauzwa kwa pauni, na pauni ni chini kidogo ya nusu kilo, kwa hiyo omba robo pauni kila mahali na umwambie mkataji akukatie upande wenye mafuta. Fika kabla ya saa sita mchana. Kama unaona haya kula kwa mikono mbele za watu, malizia Black's, kuna uma.