Hiroyuki Sanada: kutoka kufa mapema hadi Emmy

Wadau, mnamkumbuka yule jamaa aliyemchapa Tom Cruise kwa upanga wa mbao kwenye mvua, ndani ya The Last Samurai (2003)? Ndiye Hiroyuki Sanada, mzaliwa wa Tokyo, 1960. Alianza kuigiza akiwa mtoto, halafu akanolewa na Sonny Chiba kwenye kundi lake la sinema za mapigano. Ila Hollywood ilizoea kumpa upanga, kisha anauawa! Hata Endgame (2019) alikaa dakika chache tu. Mi iliniuma. Kwenye Shōgun (2024) akawa pia mtayarishaji, akaleta wataalamu wa Kijapani wa mavazi na mapanga, na wahusika wengi wanaongea Kijapani chao. Septemba 2024, akiwa na miaka 63, akabeba Emmy ya mwigizaji bora wa kiume wa tamthilia, Mjapani wa kwanza. Nyie mnampendea filamu ipi?