Hazina ya mkoloni na pamba ya Mwanza

Tanganyika chini ya Waingereza ilitakiwa kujitegemea kifedha: matumizi ya serikali yatokane na mapato ya nchi yenyewe. Gavana aliandaa makisio Dar es Salaam, kauli ya mwisho ikawa ya Wizara ya Makoloni, London. Nguzo za mapato zilikuwa ushuru wa forodha na kodi, ile ya nyumba na ya kichwa. Usukumani, eneo la Mwanza, kodi ilipitia kwa watemi, na sehemu yake ikarudi kwenye hazina za wenyeji kulipia makarani, mabaraza na barabara za vijijini.

Utaratibu huu haukuchukua muda kuonyesha udhaifu wake. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 kwa fedha za mkopo. Mwaka uliofuata ukaanza mdororo wa uchumi wa dunia. Bei za mkonge na pamba zikaporomoka, riba ya mikopo ikabaki palepale. Mwaka 1932 Sir Sydney Armitage-Smith aliletwa kukagua fedha za nchi, na dawa yake ilikuwa kubana matumizi. Wakulima nao wakahimizwa kulima zaidi. Yaani bei ikishuka, jembe liongezwe, ili kodi ipatikane.

Akiba ya sarafu nayo haikuwa mikononi mwa serikali ya Tanganyika hata kidogo. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, ilikaa London na kuweka akiba yake katika dhamana za Uingereza. Shilingi 20 zilikuwa pauni moja, basi. Pauni iliposhushwa thamani Septemba 1949, shilingi ilishuka nayo.

Akiba iliyomgusa zaidi mkulima ilikuwa ya pamba. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Uingereza ilinunua pamba kwa mkupuo, na aliyeilima akalipwa chini ya bei ya dunia. Kwenye kituo cha ununuzi alitenga pamba safi na fifi, yaani ya daraja la chini, akapima, akapokea bei iliyokwisha kutangazwa. Tofauti kati ya bei hiyo na ya dunia ikaenda kwenye mfuko wa akiba. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba mfuko utamkinga bei zikianguka, na hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Lakini sehemu ya fedha hizo iligharimia mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947, pamoja na amri zake za kupunguza mifugo na kulima matuta, ambazo wengi walizichukia. Mwenye akiba hakuwa na sauti juu ya akiba.

Ndiyo maana wakulima, wakiwa pia wamechoshwa na mizani ya wanunuzi, walijiunga katika vyama vya ushirika chini ya uongozi wa Paul Bomani, na mwaka 1955 vikaunda shirikisho la Victoria, makao yake Mwanza. Mwaka 1962 Bomani aliteuliwa kuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika.