Mtaa Usio na Jina na Mtaa Uliofutwa Jina: Filamu ya Majambazi na Watazamaji Wake wa Sophiatown

Utangulizi

Miongoni mwa filamu za majambazi zilizotengenezwa Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, The Street with No Name (1948), yaani Mtaa Usio na Jina, haitajwi sana. Wanahistoria wa sinema humkumbuka mwigizaji wake mkuu, Richard Widmark, kwa Kiss of Death (1947), ambamo alimsukuma ngazini mama mlemavu aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu huku akicheka. Filamu ya mwaka uliofuata aghalabu hupewa aya moja tu na kuhukumiwa kuwa kazi iliyoagizwa kuisifu polisi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hukumu hiyo ni ya haraka. Filamu hii ilipata watazamaji makini kuliko wote mahali ambapo watengenezaji wake hawakupafikiria: katika mtaa wa Sophiatown, Johannesburg, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Huko ilisomwa kinyume cha dhamira yake. Swali letu ni hili: ni nini katika filamu yenyewe kilichowezesha usomaji huo? Tunadai kwamba fani yake ilimpa jambazi yote ambayo dhamira ilikusudia kumnyima, na kwamba watazamaji wa Sophiatown, kwa sababu ya hali waliyoishi, waliona ufa huo mapema kuliko wahakiki.

Chimbuko la Filamu

Historia ya tanzu hii ina mgongano tangu mwanzo. Filamu kama The Public Enemy (1931), iliyoigizwa na James Cagney, zilimfanya jambazi kuwa shujaa wa vijana wa mijini. Kuanzia mwaka 1934 kanuni za maadili za Hollywood zilitiliwa mkazo, na ikawa sharti kwamba mhalifu asionewe fahari na asiachwe bila adhabu. Mwaka uliofuata mwelekezi William Keighley alitengeneza ‘G’ Men (1935), ambamo Cagney yule yule alihamishwa upande wa pili akawa afisa wa FBI, shirika la upelelezi la serikali ya Marekani. Bastola na kasi ya usemi vilibaki vile vile. Kilichobadilika ni kitambulisho mfukoni.

Keighley huyo huyo ndiye aliyeelekeza The Street with No Name miaka 13 baadaye. Wakati huo kampuni ya Twentieth Century-Fox ilikuwa imebuni mtindo wa filamu zinazojifanya kumbukumbu halisi, hasa baada ya The House on 92nd Street (1945). Hadithi ilidaiwa kutoka katika majalada ya FBI, picha zikapigwa katika mazingira halisi, na sauti ya msimulizi ikaeleza kila hatua kwa uzito wa taarifa ya serikali. Jina la filamu limetokana na onyo linaloifungua: kwamba mtaa wa uhalifu hauna jina kwa kuwa unapita katika nchi nzima. Serikali ndiyo inayozungumza, nasi tunaombwa kusikiliza.

Stiles na Majalada

Ploti yenyewe ni rahisi. Afisa kijana wa FBI, Gene Cordell (Mark Stevens), anajipenyeza katika genge la Alec Stiles (Widmark) kwa jina la bandia la George Manly. Genge hilo linajificha nyuma ya ukumbi wa ndondi. Mwishowe Cordell anagunduliwa, anawekewa mtego wa kuuawa, lakini Stiles ndiye anayepigwa risasi na polisi. Kanuni zimetimizwa na mhalifu amelipwa stahili yake.

Hata hivyo, mtazamaji anayetoka nje ya ukumbi hambebi Cordell akilini, humbeba Stiles. Cordell ni mtu mwema asiye na sura ya kukumbukwa. Stiles, kinyume chake, amejengwa kwa vitu vichache vilivyochaguliwa kwa uangalifu: koti refu, skafu shingoni, na kidude cha dawa anachokivuta puani mara kwa mara kwa sababu anaogopa mafua. Hapa pana kinaya kizuri. Mtu asiyeogopa kuua anaogopa upepo wa dirishani. Mpiga picha Joe MacDonald anammulika kwa taa kali zinazoacha nusu ya chumba gizani, hivi kwamba kila anapoingia, vivuli huelekea kumzunguka yeye. Mazungumzo ya maafisa hupigwa katika mwanga wa ofisi, mwanga usioficha kitu wala kuonyesha kitu.

Lakini mvuto wa Stiles haukomei kwenye mavazi. Anataka kuliendesha genge lake kwa njia ya kisayansi. Kabla ya kumpokea Manly, anapanga kadi ya utambulisho ya kijana huyo iokotwe mahali palipotokea wizi, ili polisi wamkamate na kuagiza rekodi yake kutoka FBI. Rekodi hiyo inamfikia Stiles kupitia kwa kibaraka wake aliye juu katika polisi. Baadaye, anaposhuku kwamba bastola yake imeguswa, anaipeleka kwa njia hiyo hiyo ichunguzwe alama za vidole. Kwa maneno mengine, Stiles anaitumia serikali kama karani wake. Filamu iliyotengenezwa ili kutukuza majalada ya FBI inatuonyesha, bila kukusudia, mtu mmoja anayejua kwamba jalada linaweza kusomwa na upande wa pili.

Hoja hii ni muhimu kwa sehemu inayofuata.

Usomaji wa Sophiatown

Sophiatown ilikuwa miongoni mwa mitaa michache ya Johannesburg ambako Mwafrika aliweza kumiliki ardhi kwa hati. Ilisongamana, ilikuwa maskini, na ilikuwa hai. Palikuwa na kumbi mbili za sinema, Odin na Balansky, na palikuwa na magenge yenye majina yaliyotoka katika filamu na magazeti: Wamarekani, Waberlini, Gestapo, na Vultures. Genge la Wamarekani lilisifika kwa mavazi ya bei kubwa ya Kimarekani. Anthony Sampson, aliyekuwa mhariri wa jarida la Drum mwanzoni mwa miaka ya 1950, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1956 jinsi watazamaji wa Sophiatown walivyomtukuza Stiles. Koti lake refu na kidude chake cha dawa viliingia mitaani.

Maelezo ya kawaida ni kwamba vijana hao waliiga. Maelezo haya si ya uongo, ila hayatoshi. Mwaka 1952 serikali ya makaburu ilipitisha sheria ambayo, licha ya jina lake kudai kufuta pasi, iliunganisha hati zote za Mwafrika katika kitabu kimoja alichotakiwa kuwa nacho kila wakati. Alama za vidole zilihifadhiwa Pretoria. Askari aliweza kumsimamisha mtu popote na kudai kitabu, na aliyekikosa alilala rumande. Kwa mtazamaji wa aina hiyo, ofisi ya FBI yenye safu za makabati na mashine za kulinganisha vidole haikuwa ahadi ya usalama. Aliijua ofisi hiyo. Aliyekuwa mgeni kwake, na wa kustaajabisha, ni mtu aliyeketi kwa utulivu, akivuta dawa puani, akisoma jalada la serikali kana kwamba ni gazeti la asubuhi.

Nadharia ya upokezi inatufundisha kwamba matini hukamilishwa na hadhira yake, na kwamba kila hadhira huja na upeo wake wa matarajio. Sophiatown ni mfano usio wa kubuni. Kwa hadhira ya Marekani iliyoamini kwamba polisi ni wake, adhabu ya Stiles ilifunga hadithi. Kwa hadhira ambayo polisi walikuwa adui wake wa kila siku, kifo hicho kilikuwa jambo la kutarajiwa tu. Mtu wao aliuawa na askari, kama wengine. Funzo la filamu halikukataliwa kwa hoja. Lilipitwa tu, kama tangazo kabla ya picha kuanza.

Kasumba au Uhakiki?

Wako watakaosema kwamba tunaipamba kasumba. Kijana wa Kiafrika anayejiita Mmarekani na kuvaa koti la jambazi wa Hollywood, je, si mfungwa wa utamaduni wa kigeni? Lawama hii ina uzito, nasi hatuipuuzi. Lakini inadhania kwamba anayeazima vazi huazima na itikadi yake. Ushahidi wa Sophiatown unaonyesha kwamba vazi lilichukuliwa na itikadi ikaachwa ukumbini.

Lawama nzito zaidi ni nyingine, na haipasi kukwepwa. Stiles anampiga mkewe, Judy, anapomshuku kuwa msaliti, na filamu inapiga picha tukio hilo kwa ustadi ule ule inaopigia koti lake. Sophiatown nayo ilikuwa na kina Judy wake. Visu vya magenge havikuwafikia mawaziri wa Pretoria. Viliwafikia wafanyakazi waliokuwa wakirudi nyumbani na mshahara wa wiki, na wasichana waliothubutu kukataa. Mtindo uliompa kijana heshima ambayo sheria ilimnyima, ulimpa pia ruhusa ya kumnyima jirani yake heshima hiyo hiyo. Mhakiki anayesifu upande mmoja na kunyamazia wa pili hatakuwa amemaliza kazi.

Njia ya kutoka ilipatikana katika maandishi. Don Mattera, aliyeliongoza genge la Vultures, alikuja kuwa mshairi na mwanaharakati. Arthur Maimane aliandika katika Drum hadithi za upelelezi kwa lugha ya mkato iliyonolewa na riwaya na filamu za Marekani. Can Themba alishinda shindano la kwanza la hadithi fupi la jarida hilo mwaka 1953. Katika kazi za kizazi hicho ujasiri wa kauli ulibaki, na kisu kikawekwa chini. Serikali ilitambua tofauti hiyo: filamu ya majambazi iliruhusiwa Odin, lakini maandishi ya Themba yalipigwa marufuku mwaka 1966.

Hitimisho

Tarehe 9 Februari 1955 askari wapatao 2,000 waliingia Sophiatown kuanza kuwahamishia watu Meadowlands. Nyumba zilibomolewa, na mtaa mpya wa wazungu ukapewa jina la Triomf, yaani ushindi. Jina la Sophiatown halikurejeshwa rasmi hadi mwaka 2006. Mwaka ule ule wa 1955 Hollywood ilihamishia hadithi ya Stiles Japani, katika House of Bamboo, kwa kalamu ya mwandishi yule yule, Harry Kleiner. Filamu iliendelea kusafiri. Watazamaji wake bora walikuwa wakipakiwa katika malori.

Suala hili linatugusa sisi wa Kiswahili kwa karibu. Es'kia Mphahlele, aliyekuwa mhariri wa hadithi wa Drum, alifika Nairobi mwaka 1963 kuongoza kituo cha Chemchemi, na hivyo njia ya kutoka Sophiatown ilipita hapa kwetu. Isitoshe, tunayo Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla, ambamo Bwana Msa na kiko chake anaonekana dhahiri kuwa na nasaba na Sherlock Holmes. Wahakiki wetu wametumia muda mrefu kuuliza riwaya za aina hii zimeazima nini. Swali linalofaa kufuata ni lile ambalo Odin inatulazimisha kuuliza: msomaji alichukua nini, aliacha nini, na nani alilipa gharama ya alichochukua? Bila kulijibu, fasihi pendwa itaendelea kupewa aya moja, na wasomaji wake wataendelea kutusubiri mbele.