Jinsi sumu ya nyoka inavyofunga milango ya misuli

Wengi hudhani sumu ya nyoka ni kitu kimoja. Kwa hakika ni mchanganyiko wa protini nyingi, kila moja ikiwa na shabaha yake mwilini. Sumu ya kifutu huharibu hasa nyama na damu. Ile ya koboko, na ya baadhi ya fira, hukata mawasiliano baina ya neva na misuli, hata majeruhi akashindwa kupumua ilhali fahamu zake bado ni timamu.

Ili mtu ainue mkono au avute hewa, ncha ya neva humwaga kemikali iitwayo asetilikolini. Kemikali hiyo huvuka mwanya mwembamba na kunasa kwenye vipokezi vilivyotanda juu ya seli za misuli. Kipokezi ni protini mfano wa mlango wenye kufuli. Ufunguo ukiingia, mlango hufunguka, ioni za sodiamu hupenya na msuli hujikunja.

Fira ana protini za kundi la vidole vitatu, jina lililotokana na umbo lake. Hizo huingia katika kufuli lakini haziufungui mlango, na zikishanasa hung'ang'ania. Kope ndizo hulegea kwanza, kisha ulimi na koo, mwishowe misuli ya kupumulia. Moyo huendelea kupiga kwa kuwa hautegemei vipokezi hivyo.

Koboko ana hila zaidi. Mbali na protini za vidole vitatu, ana dendrotoksini, ambazo huziba njia za potasiamu katika neva na kuifanya asetilikolini imwagike kupita kiasi. Jamaa yake wa kijani, apatikanaye Pwani, ana fasikulini, inayokizuia kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuifagia kemikali hiyo. Ndiyo maana misuli ya aliyeumwa huweza kutetemeka kabla ya kupooza.

Ajabu ni kwamba muuaji huyu amewafaa sana matabibu. Mwaka wa 1963, watafiti C. C. Chang na Chen-Yuan Lee wa Taiwan walitenga protini ya aina hiyo kutoka kwa nyoka wa Asia. Kwa vile hunasa kwenye kipokezi kimoja tu na haiachi, wanasayansi waliitumia kama ndoana ya kukivua kipokezi chenyewe na kukichunguza. Kazi hiyo ilisaidia kueleza ugonjwa wa miastenia, ambapo kinga ya mwili huvishambulia vipokezi hivyo hivyo na kumwacha mgonjwa mnyonge.

Nguchiro naye, anayepigana na fira bila hofu, hategemei wepesi pekee. Vipokezi vyake vimebadilika kidogo pale ambapo sumu hushika, na ufunguo wa nyoka hauingii vyema. Uchunguzi umeonyesha mabadiliko kama hayo kwa nyegere.

Binadamu hana bahati hiyo. Dawa ya kuzima sumu, itengenezwayo kwa kingamwili za farasi au kondoo, huzikamata protini zinazozunguka katika damu, lakini ni vigumu kuzing'oa zile ambazo zimekwisha kunasa. Kila saa inayopotea kwa kuchanja, kunyonya jeraha au kukaza kamba huwa faida kwa sumu. Aliyepooza anaweza kuokolewa kwa mashine ya kupumulia hadi vipokezi vifanye kazi tena, mradi afike hospitali iliyo nayo, na hapo ndipo penye kikwazo kwa wakazi wengi wa mashambani.

Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka wa 2017 liliorodhesha kuumwa na nyoka miongoni mwa maradhi ya tropiki yaliyopuuzwa, linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka.

Mapema mwaka wa 2025, watafiti walitangaza protini zilizobuniwa kwa kompyuta ili kuzishika zile za vidole vitatu kabla hazijafikia kipokezi. Ziliwaokoa panya katika maabara. Kwa binadamu bado hazijathibitishwa.