Nyumba ya Bao na Matembe ya Ugogo

Ubao wa bao la Kiswahili una mashimo 32, na kete zake ni 64. Hesabu hiyo haimshindi mtoto. Lakini mtoto huyohuyo akiketishwa mbele ya fundi wa barazani, atagundua upesi kwamba kinachomshinda ni sheria, na katika sheria zote hizo iliyo ngumu kuliko nyingine ni ile ya shimo moja tu, shimo la mraba lililochongwa pana kuliko wenzake katika safu ya mbele, nalo huitwa nyumba.

Mchezo unapofunguliwa, nyumba hupewa kete 6. Mashimo mawili ya kuliani kwake hupata 2 kila moja, na kete 22 zilizobaki mchezaji huzihifadhi mkononi ili aziteremshe ubaoni moja moja katika hatua ya namua. Mashimo mengine yote ni matupu. Tangu mwanzo, basi, bao la Kiswahili si mchezo wa usawa baina ya mashimo. Shimo moja linazaliwa tajiri, na sheria inalilinda utajiri wake: wakati wa namua, mchezaji anayekula, na kete yake ya mwisho ikaangukia katika nyumba yake, ana hiari ya kulala au kusafiri. Akilala, nyumba inabaki imejaa na zamu imekwisha. Akisafiri, anazizoa kete zote za humo na kuzisambaza, na tangu hapo nyumba haina tena heshima ya nyumba. Imekuwa shimo kama mashimo mengine. Kulala kwaweza kurudiwa, lakini safari hiyo hufanywa mara moja tu, wala hairudi.

Nyumba iliyolishwa vizuri huweza kukusanya kete nyingi hadi safari yake ikageuza ubao mzima. Mgeni wa mchezo akiona hayo hulalamika kwamba shimo hili lina nguvu kupita kiasi. Mafundi wa kale waliyaona malalamiko hayo kabla yake, ndiyo maana wakaizungushia nyumba masharti. Mchezaji anayetakata, yaani anayecheza pasipo kula, hana ruhusa ya kuisafirisha. Kete yake ya mwisho ikifika pale, zamu imekwisha. Iwapo katika namua hana kitu mbele isipokuwa nyumba hiyo, hutoa kete mbili tu humo na kuzitembeza, mfano wa mwenye mali anayelipa kodi shingo upande. Na juu ya yote, nyumba yaweza kuliwa. Adui akiwa na shimo lenye kete mkabala wake, hupata nafasi ya kuzichukua zote kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo kadiri inavyonenepa ndivyo mwenyewe anavyokosa usingizi, ijapokuwa yenyewe inasemwa imelala.

Kuna masharti mengine ya jinsi hiyo. Katika hatua ya mtaji, shimo lenye kete 16 au zaidi haliwezi kuanzisha ulaji. Upande wa kila mchezaji una mashimo 16, na fungu la kete 16 huuzunguka upande wote na kurudi pale lilipoanzia. Kuliruhusu lile ni kumpa mtu mmoja safari nzima na mawindo juu yake. Tena kuna ile sheria ya kutakasia, ambayo wengi huicheza miaka mingi bila kuweza kuieleza kwa maneno. Mchezaji anapotakata, na mwenzake naye akawa hana la kula, na tishio la yule wa kwanza likawa juu ya shimo moja tu, basi shimo hilo hufungwa: mwenyewe hawezi kulicheza ili kukimbiza kete zake. Hata hapa sheria imejiwekea mlango wa huruma. Halifungwi shimo ambalo ni nyumba iliyo hai bado, wala shimo pekee lenye kete katika safu ya mbele, wala shimo pekee humo lenye zaidi ya kete moja. Mtu asiyejua historia ya mchezo atayaona hayo kuwa mabaka yaliyoshonwa juu ya nguo. Ni mabaka kweli, lakini kila baka limewekwa palipotoboka.

Michezo ya mataifa mengine nayo imepitia njia hiyohiyo. Katika shatranji ya zamani waziri alikuwa kiumbe dhaifu, akienda kitalu kimoja tu kwa mshazari. Mwishoni mwa karne ya 15, huko Hispania na Italia, waziri huyo akageuzwa malkia na kupewa ubao wote, na Waitalia wakauita mchezo huo mpya sataranji ya kichaa. Hawakumpunguzia nguvu malkia. Waliubadili mchezo mzima umzoee. Huko Marekani, mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambamo wachezaji hujivika nafsi za mashujaa wa hekaya na mtu mmoja akawa msimulizi na mwamuzi. Nako likazuka tatizo lile la nyumba: mchezaji hodari wa kusoma vitabu vya kanuni huunganisha kipengele hiki na kile, vipengele ambavyo mtungaji hakupata kuvidhania pamoja, akazaa shujaa asiyeshindika, na wenzake mezani wakabaki watazamaji. Dawa yao ni yule mwamuzi, mwenye mamlaka ya kusema kwamba jambo hili, hata kama limeandikwa, leo halichezwi.

Bao halina mwamuzi wa namna hiyo. Lina watazamaji, nao hawajui kunyamaza.

Mfano mzuri ni ule wa mtembeo usiokwisha. Katika bao, kete ya mwisho ikiangukia shimo lisilo tupu, mchezo huendelea: kete zinazolewa, zinasambazwa, zinazolewa tena. Je, yawezekana zikazunguka pasipo kukoma? Mwaka 2006 Tom Kronenburg, Jeroen Donkers na Alex de Voogt walichapisha makala juu ya swali hilo, wakionyesha kwamba mitembeo ya aina hiyo imo katika bao. Kompyuta yaweza kuizungusha kete hadi mwisho wa dunia. Mchezaji wa barazani ana mkono unaochoka, chai inayopoa, na mzee aliye pembeni ambaye atasema basi, vunjeni, anzeni upya. Kanuni ya maandishi inapofika ukingoni, kinachobaki ni watu na heshima yao.

Wapenzi wa ushairi hawahitaji kukumbushwa kwamba Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alilitia bao katika utunzi wake, na kwamba mashairi yake yalipata kuhifadhiwa katika diwani aliyoihariri William Hichens na kuchapwa Afrika Kusini mwaka 1940. Zama za Muyaka sheria za bao zilikuwa vinywani na vidoleni. Kuzichunguza kitaalamu kulikuja baadaye sana; tasnifu ya De Voogt juu ya umahiri wa mabingwa wa bao, iliyotolewa Leiden mwaka 1995, ilijengwa hasa juu ya wachezaji wa Unguja. Kazi hiyo ni ya kushukuriwa. Hata hivyo maandishi yana tabia yake: likiandikwa la Unguja, la mahali pengine huanza kuitwa kosa. Bawo la Malawi lina tofauti zake, na omweso wa Buganda, wenye mashimo 32 na kete 64 kama bao letu, humpa ushindi wa papo hapo anayekula vichwa vyote viwili vya mwenzake kwa zamu moja. Mchezaji wa pwani akiliona hilo hucheka. Mganda naye angelicheka akielezwa kwamba kuna shimo linalolala.

Wala isidhaniwe kwamba bara ilingoja pwani iletewe mashimo na kete. Huko Hyrax Hill, karibu na Nakuru, kuna mbao za mchezo wa jamii hii zilizochongwa katika mwamba wenyewe. Kilicho cha pwani ni taratibu za bao la Kiswahili, yaani nyumba, namua na kutakasia; nazo, kama lugha yenyewe, zilikuwa na njia nyingi za kuingia bara.

Kubwa katika njia hizo ilipita Ugogo. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilivuka nyika kavu ya Marenga Mkali kisha ikafika Mvumi, katika nchi ambayo leo ni Wilaya ya Chamwino. Burton na Speke walipita Ugogo katika safari yao iliyoanza mwaka 1857. Stanley alipita Mvumi mwaka 1871. Wote walilalamikia hongo. Kila mtemi alidai nguo na shanga kabla ya kuwaruhusu watu kuteka maji na kuendelea, na mtemi alijua kwamba msafara uliotoka Marenga Mkali umekauka koo na hauna pa kurudi. Wageni waliuita unyang'anyi. Lakini ukiyasoma maandishi yao kwa jicho la mcheza bao utaona kwamba palikuwa na taratibu: kiasi kilijadiliwa, zawadi zilikataliwa na kuongezwa, siku zilipotezwa kwa makusudi, na mwisho pande zote mbili zilifahamu kiwango ambacho hakivukwi. Mtemi alikuwa na nyumba iliyojaa, nayo ni maji. Akitoza kupita kiasi, msafara wa pili ungetafuta njia nyingine, naye angebaki na kisima na mbuga tupu. Nguvu yake iliwekewa mpaka na haja ya kuuona mchezo ukiendelea kesho.

Karne moja baada ya Stanley, mtu mwenye nguvu kuliko mtemi yeyote alikuja Chamwino. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa mpenzi wa bao. Picha zake akicheza kijijini kwake Butiama zinajulikana na wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Dodoma, alipiga kambi Chamwino na kushiriki kwa mikono yake kufyatua matofali ya nyumba za kijiji cha ujamaa. Wagogo walizoea tembe, nyumba ndefu ya udongo yenye paa la bapa, iliyojengwa mahali ambapo ukoo umepachagua kwa ajili ya mifugo na mashamba. Sasa walitakiwa kuziacha kaya zilizotawanyika na kukaa pamoja katika mistari.

Watoto huanzia bao la kujifunza, ambalo halina nyumba wala namua: kila shimo hutiwa kete mbili, sawa kwa sawa, na watu wanaanza. Ujamaa wa vijijini ulikuwa na sura hiyo. Na kanuni yake ya awali ilikuwa ya haki. Waraka wa Ujamaa Vijijini wa mwaka 1967 ulisisitiza kwamba watu wajiunge kwa hiari, wasiswagwe. Kisha, Novemba 1973, ikatangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na muda ukawekwa: hadi mwisho wa mwaka 1976. Zipo sababu zilizotolewa, na nyingine zilikuwa za kweli, kwani shule, zahanati na maji ya bomba havifiki kwenye kaya moja iliyo peke yake porini. Pamoja na hayo, mcheza bao yeyote angetambua kilichotokea. Hiari ya kulala au kusafiri iliondolewa kete zikiwa zimekwisha kushuka ubaoni, na aliyeiondoa alikuwa mmoja wa wachezaji, tena aliye hodari kuwapita wote, na watazamaji hawakuwa na ruhusa ya kusema basi. Mtu yuleyule aliyepinda mgongo juu ya tofali pamoja na wanakijiji ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho juu ya watakaolala humo. Mambo hayo mawili yote ni kweli, na haifai kulitumia moja kulifuta la pili.

Oktoba mwaka huohuo wa 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Kambi ya Chamwino ikakua kuwa ikulu. Mwaka 2007 Chamwino ikafanywa wilaya, ikimegwa kutoka Dodoma Vijijini, na tarehe 20 Mei 2023 Rais Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Unguja, akaizindua ikulu mpya mahali hapo. Pamoja na Serikali wamehamia watu wa kila pembe: makarani wa kutoka Tanga, walinzi wa kutoka Mtwara, madereva wa kutoka Pemba. Na watu wa namna hii wanapokutana penye ubao, kila mmoja ana sheria za kwao.

Ndiyo maana wachezaji wasiofahamiana hawaanzi kwa kete. Huanza kwa maswali. Nyumba inalala mara ngapi? Mnatakasia, au hamtakasii? Kete kumi na sita zinakula? Mkaribishaji hutaja za hapo, mgeni hutaja za kwao, wanapunguziana, na aliye hodari zaidi aghalabu ndiye anayekubali upesi, kwani kwake ni aibu kushinda kwa sheria asiyoijua mwenzake. Wakisha kukubaliana, kila mmoja huhesabu sita, mbili, mbili, hukamata ishirini na mbili mkononi, na mwenye zamu hutafuta mahali pa kuiweka ile ya kwanza.