Magogo Yaliyohama Kila Jioni

Agosti 1984 Julius Korir alishinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji kule Los Angeles. Shule zilipofunguliwa, sisi wavulana wa kidato cha pili huku Nandi, Kenya, tulikata magogo mawili ya mkaratusi, tukayalaza uwanjani juu ya mawe. Mwalimu wa michezo alitazama tu. Kesho yake tulikuta magogo yamesogezwa. Keshokutwa, yamesogezwa tena.

Tulipolalamika alisema, "Mnahesabu hatua. Mimi nataka mwone."

Nilimwelewa siku nilipokimbia kundini. Katika mita 400 kuruka viunzi, kila mmoja ana njia yake, na kutoka kiunzi hadi kiunzi ni mita 35. Ukishapata idadi ya hatua zako, umeipata. Katika mbio zetu za mita 3,000 watu wanabanana mizunguko yote, viunzi ni 28, vya maji 7, na kila kimoja ni boriti nzito yenye kimo cha sentimita 91.4. Ukiigonga haianguki, unaanguka wewe. Tena mara nyingi huioni. Unachoona ni mabega ya aliye mbele yakiinuka, na papo hapo mguu unaamua: urefushe hatua au uifupishe, uruke kwa kushoto au kwa kulia. Wazo linapofika kichwani, umeshatua ng'ambo.

Amos Biwott, mshindi wa Mexico City mwaka 1968, alilivuka shimo la maji bila kulowa, wenzake wakitua majini. Kipchoge Keino alishinda Munich mwaka 1972 kwa dakika 8:23.6, ingawa mbio hizo alikuwa mgeni nazo. Mapafu na moyo ndivyo vilivyombeba. Waliokuja baadaye ndio waliozifanya mbio hizo ziwe ufundi. Henry Rono alifika 8:05.4 mwaka 1978, na mwaka 1995 kule Zurich Moses Kiptanui akakimbia 7:59.18, binadamu wa kwanza kushuka chini ya dakika 8.

Redioni nasikia sifa za damu, za milima, za maziwa yetu ya mursik. Sizikatai. Lakini damu haimwambii mtu boriti iko wapi nyuma ya migongo minane. Mathew Birir alianguka katikati ya fainali ya Barcelona mwaka 1992, akainuka, akashinda. Kwenye mashindano ya dunia ya London mwaka 2017, Beatrice Chepkoech alikipitiliza kiunzi cha maji, akageuka, akarudi kukiruka, na bado akamaliza wa nne. Mwaka uliofuata aliweka rekodi ya dunia Monaco, 8:44.32. Mtu wa kuyafanya hayo ameruka mara elfu nyingi pasipo mtazamaji hata mmoja.

Kuanzia 1984 hadi 2016 wanaume wetu hawakukosa dhahabu hiyo ya Olimpiki hata mara moja: michezo tisa mfululizo. Kisha Soufiane El Bakkali wa Morocco akaichukua Tokyo, akaichukua tena Paris. Walimu wenzangu wa michezo, rudisheni magogo uwanjani, na kila jioni, watoto wakishaondoka, yasogezeni.